Mdomo au Mikono: Shule Zilivyomgombania Mtoto Kiziwi

Mzazi wa Kasulu huliuliza swali hili. Wa Likoni huliuliza. Na mzazi aliyetoka Uvira, akakaa miaka kambini Nyarugusu, kisha akafikia Buffalo katika jimbo la New York, naye huliuliza kwa maneno yale yale: mwanangu hasikii, je, afundishwe kusema kwa mdomo au afundishwe kwa ishara?

Akiuliza watu watano hupata majibu sita. Daktari anazungumzia kifaa cha sikioni. Mwalimu anasema mtoto aanze alama mara moja. Bibi yuko simuni kutoka nyumbani, anashauri wasubiri, maana kuna mjomba aliyechelewa kusema hadi miaka minne na leo ndiye msemaji wa ukoo. Jirani ana mchungaji wa kumwombea. Na kila mmoja ana mfano wa mtoto aliyefanikiwa kwa njia anayoitetea yeye.

Ubishi huu umezidi miaka mia mbili. Ulianzia Ulaya ukavuka bahari hadi Marekani, na miji mitatu ambako leo utasikia Kiswahili madukani na makanisani, yaani Buffalo, Columbus na Louisville, iko kwenye njia uliyopita. Kwa hiyo tutaifuata njia hiyo, tuone ilivyopinda hadi Kongo na Burundi, na jinsi ilivyorudi Buffalo kwa miguu ya wakimbizi.

Kwanza tuelewane

Maneno manne yatajirudia katika sura hii.

• Lugha ya alama (Wakenya wengi husema lugha ya ishara) ni lugha kamili ya mikono, uso na mwili. Ina sarufi yake. Si Kiswahili wala Kiingereza kilichowekwa vidoleni, na kila nchi ina yake.
• Mbinu ya mdomo ni ufundishaji unaomtaka mtoto kiziwi asome midomo ya anayesema na ajifunze kutoa sauti mwenyewe. Kwa muda mrefu shule zilizoifuata zilikataza alama kabisa.
• Mawasiliano kamili ni ule utaratibu wa kuchanganya kila kitu kwa pamoja: alama, sauti, midomo, maandishi, picha.
• Alama za nyumbani ni ishara ambazo mtoto na familia yake hujibunia kwa mahitaji ya kila siku. Zinatosha kuomba maji. Hazitoshi kuuliza kwa nini babu hatarudi tena.

Kijana wa Danville

Hadithi ya Marekani huanza na jirani. Mjini Hartford, jimbo la Connecticut, daktari Mason Cogswell alikuwa na binti kiziwi aitwaye Alice. Jirani yao, mhubiri kijana Thomas Hopkins Gallaudet, alitumwa Ulaya mwaka 1815 akajifunze namna ya kuwafundisha watoto kama Alice. Uingereza na Scotland mbinu ilikuwa mikononi mwa familia ya Braidwood, waliofundisha kusema kwa mdomo na kuiweka mbinu yao siri, maana ndiyo iliyowalisha. Gallaudet alishindwa kuafikiana nao, akaenda Paris.

Paris mambo yalikuwa wazi. Padri Charles-Michel de l'Épée alikuwa ameanza kufundisha viziwi maskini tangu miaka ya 1760, akitumia alama alizozikuta kwa viziwi wenyewe na kuongeza zake. Hapo Gallaudet alimpata Laurent Clerc, mwalimu aliyekuwa kiziwi, akamshawishi waende wote Marekani. Melini mwaka 1816 walifundishana, Clerc akimpa Gallaudet alama na Gallaudet akimpa Clerc Kiingereza. Shule yao ilifunguliwa Hartford tarehe 15 Aprili 1817. Alama za Kifaransa za Clerc zilikutana na zile ambazo wanafunzi walikuja nazo kutoka vijijini kwao, na lugha ya alama ya Marekani ikaanza kujijenga.

Kilichofuata hutajwa kwa haraka katika vitabu vingi, lakini mimi naona ndicho kiini. Mwaka 1823 jimbo la Kentucky lilifungua shule ya viziwi katika mji mdogo wa Danville, safari ya saa moja na nusu hivi kwa gari kutoka Louisville ya leo. Ilikuwa ya kwanza nchini kugharimiwa na serikali ya jimbo. Aliyeipigania alikuwa Jenerali Elias Barbee, seneta wa jimbo, ambaye binti yake Lucy alikuwa kiziwi. Shule ilipatikana, mwalimu anayejua kazi hakupatikana. Basi kijana mmoja wa chuo cha pale pale, John Adamson Jacobs, akapanda farasi na kusafiri zaidi ya kilomita elfu moja hadi Hartford, akakaa kwa Gallaudet na Clerc akajifunza, akarudi. Shule ile aliitumikia maisha yake yote.

Mwaka 1829 ikawa zamu ya Ohio. Horatio Hubbell, naye aliyepata mafunzo Hartford, alifungua shule ya viziwi mjini Columbus, na ipo hadi leo. Ukitazama ramani unaona mstari mmoja: Paris, Hartford, Danville, Columbus. Mtoto aliyefundishwa Danville angeweza kukutana na aliyefundishwa Columbus wakazungumza siku nzima. Walimu wengi walikuwa viziwi wenyewe. Mwaka 1870 karibu wawili kati ya kila walimu watano katika shule hizo za Marekani walikuwa viziwi. Mtoto aliingia darasani akamwona mtu mzima kama yeye, mwenye mshahara, mke, watoto na maoni ya siasa.

Buffalo na mji wa chuma

Buffalo shule ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1853, chini ya masista wa Mtakatifu Yosefu. Ardhi ilitoka kwa Louis Le Couteulx, tajiri mzaliwa wa Ufaransa, na jina lake likabaki katika jina refu la shule kwa miaka mingi. Leo inaitwa tu St. Mary's School for the Deaf, iko Main Street, na hupokea watoto kutoka magharibi yote ya New York.

Kusini ya Buffalo, ukifuata ufuo wa Ziwa Erie, uko Lackawanna. Mji huu ulizaliwa na kiwanda cha chuma mwanzoni mwa karne ya 20, na watu walikuja kutoka pande zote: Wapolandi, Wahungari, Wakroeshia, baadaye Wayemeni ambao misikiti yao bado imejaa Ijumaa. Wamarekani weusi walipanda treni kutoka kusini. Kiwanda kilipofunga sehemu kubwa ya shughuli zake mwaka 1983 mji ulibaki na nyumba nyingi za bei nafuu, na wageni wapya wanaendelea kufika.

Nautaja mji huu kwa sababu ndio unaoonyesha wazi kasoro moja ya mbinu ya mdomo ambayo watetezi wake hawakuipigia hesabu. Hoja yao kubwa, yenye kumgusa kila mzazi, ilikuwa hii: alama zitamtenga mtoto na nyumbani, sauti itamrudisha kwa mama yake. Sasa mfikirie mtoto kiziwi wa mfua chuma wa Kipolandi mwaka 1910. Mwalimu anahangaika naye miaka kumi mbele ya kioo hadi anaweza kutamka na kusoma midomoni sentensi kadhaa za Kiingereza. Anarudi nyumbani. Mama yake anasema Kipolandi. Midomo aliyofundishwa kuisoma si midomo ya mama yake.

Mweke badala yake mtoto wa Kibembe au wa Kinyamulenge wa leo, mama yake akisema Kiswahili na lugha ya kwao, na hesabu inabaki ile ile. Mzazi mhamiaji anayeuliza "mdomo au mikono" hana budi kuuliza pia: mdomo wa lugha gani?

Milano, Septemba 1880

Sasa tufike kwenye mkutano ambao viziwi duniani bado wanautaja kwa jina la mji tu. Kuanzia tarehe 6 hadi 11 Septemba 1880, walimu wa viziwi 164 walikutana Milano, Italia. Wengi walikuwa Waitalia na Wafaransa, na waandaaji walikuwa watetezi wa mdomo waliowachagua wajumbe kwa uangalifu. Mjumbe kiziwi alikuwa mmoja, Mmarekani James Denison. Azimio lilisema kwamba mdomo ni bora kuliko alama na utumike katika kuwafundisha viziwi. Likapita kwa kura 160 dhidi ya 4. Wamarekani walipinga, nao hawakuwa watu wadogo: shule walizoziwakilisha zilikuwa na wanafunzi zaidi ya elfu sita.

Siku chache kabla ya hapo, mwishoni mwa Agosti, viziwi wa Marekani walikuwa wamekutana Cincinnati, Ohio, wakaunda chama chao cha taifa. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Robert McGregor, mwalimu kiziwi wa Ohio hiyo hiyo. Huku wasikiao wanapiga kura kuhusu viziwi, kule viziwi wanajipanga. Miaka thelathini iliyofuata ilikuwa ya mashindano kati ya vikao hivi viwili, na cha Milano ndicho kilichokuwa na fedha.

Kwa nini mdomo ulishinda hata Marekani, ambako wajumbe wenyewe waliupinga? Sababu zilikuwa nyingi, na nyingine hazikuhusu masikio hata kidogo. Taifa lililopokea mamilioni ya wahamiaji lilitaka watu wote waseme Kiingereza, na lugha ya mikono ilionekana kama kabila jingine lililokataa kuyeyuka. Wasomi wa enzi ile waliamini kwamba ishara ni za binadamu wa zamani na sauti ni ya binadamu aliyeendelea. Halafu kulikuwa na Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mama yake alikuwa kiziwi, mke wake Mabel alikuwa kiziwi, naye aliwapenda wote wawili. Lakini mwaka 1883 aliwasomea wanasayansi makala akionya kwamba viziwi wakizidi kuoana kutazaliwa jamii ya viziwi, na miongoni mwa tiba alizopendekeza ilikuwa kuwatenganisha shuleni, kuondoa alama na kuondoa walimu viziwi. Fedha za simu zikaenda kwenye shule za mdomo.

Kufikia karibu 1920, watoto wanne kati ya kila watano viziwi shuleni Marekani walifundishwa bila alama. Walimu viziwi, waliokuwa karibu wawili kati ya watano, walibaki mmoja kati ya saba hivi. Mwalimu asiyesikia angefundishaje sauti? Ndivyo walivyofukuzwa kazi kwa sababu ile ile iliyowafanya waijue kazi. Watoto wakachapwa rula mikononi, wengine wakalazimishwa kukalia mikono yao. Alama hazikufa. Zilihamia bwenini, taa zikishazimwa, wakubwa wakiwafundisha wadogo. Louisville baadaye palikuwa na shule iliyojiita wazi wazi "Deaf Oral School", wakati Danville, ndani ya jimbo hilo hilo, wahitimu wazee waliendelea kusalimiana kwa alama za Jacobs.

Baba, mama, papa

Kabla ya kuendelea, fanya jaribio hili. Simama mbele ya kioo, useme bila sauti: baba. Kisha: mama. Kisha: papa. Midomo imefunga na kufunguka mara mbili, basi. Mtoto anayekutazama hana namna ya kujua kama unamwita baba yake, mama yake, au unamwonya kuhusu samaki wa baharini. Sasa jaribu "kaka" na "gari": k na g hutokea nyuma ya kinywa, hazionekani hata kidogo.

Kusoma midomo ni kusoma gazeti lililonyeshewa: maneno machache yamebaki, mengine unayakisia kwa kuwa unaijua lugha tayari. Hapo ndipo penye mtego. Mtu mzima aliyepoteza usikivu ukubwani anaijua lugha, kwa hiyo anaweza kujaza mapengo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi hana bado lugha ya kujazia. Anatakiwa ajifunze Kiswahili au Kiingereza kupitia mapengo.

Wapo waliofaulu, na ni haki kulisema hilo. Wengi wao walikuwa wamesikia kidogo, au walipoteza usikivu baada ya kuanza kusema, au walikuwa na mama asiye na kazi nyingine mchana kutwa. Shule ziliwaonyesha hao kwa wageni.

Kwa ufupi

Hadi hapa tumeona mambo matatu. Shule za kwanza za Marekani, zikiwemo Danville na Columbus, zilianza na alama na walimu viziwi. Baada ya Milano mdomo ulitawala kwa karibu miaka tisini, kwa sababu za siasa na fedha kuliko za ualimu. Na kwa mtoto wa mhamiaji, ahadi ya mdomo ya kumrudisha nyumbani ilikuwa na ufa tangu siku ya kwanza.

Kutoka Talladega hadi Zaire

Shule zilibagua kwa rangi pia. Danville ilikuwa na idara ya pembeni kwa watoto weusi tangu miaka ya 1880, na majimbo ya kusini yalikuwa na shule nzima kando. Shule hizo zilinyimwa fedha. Mbinu ya mdomo, inayohitaji madarasa madogo na walimu wengi, ilikuwa ghali, kwa hiyo mara nyingi hakuna aliyejali kuwapelekea weusi. Wakaendelea na alama. Watafiti waliochunguza viziwi weusi wa kusini, akiwamo Carolyn McCaskill aliyesoma katika shule ya namna hiyo mjini Talladega, Alabama, wamekuta kwamba wazee wao walihifadhi alama za mikono miwili ambazo wazungu walikuwa wamezifupisha kuwa za mkono mmoja. Ubaguzi ulikusudia kuwanyima, na ukawaachia kitu ambacho wazungu walinyang'anywa.

Shule hiyo hiyo ya Talladega ilipata mwanafunzi mwingine miaka mingi kabla: Andrew Foster, mzaliwa wa 1925, mtoto wa mchimba makaa, aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo. Chuo cha Gallaudet mjini Washington, chuo pekee cha viziwi nchini wakati huo, kilimkataa mara kadhaa kwa sababu ya rangi yake. Akaingia hatimaye mwaka 1951, na mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada hapo. Mwaka 1956 aliunda misheni yake, na mwaka uliofuata akatua Accra, Ghana. Hakuwa na jengo. Alipewa madarasa ya shule ya kawaida saa za jioni, watoto wasikiao wakishaondoka.

Alichofanya Foster hakina mfano katika historia ya elimu ya bara la Afrika, na bado wengi wetu hatulijui jina lake. Alianzisha shule 31 katika nchi 13, zikiwemo Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Burundi. Alifundisha walimu, wengi wao viziwi, kwenye kozi zake Nigeria, kisha akawarudisha kwao wafungue shule nyingine. Alitumia alama alizozijua, zile za Marekani, akiziunganisha na maandishi ya Kifaransa katika nchi za Kifaransa. Tarehe 3 Desemba 1987 ndege ndogo aliyopanda ilianguka Rwanda, naye akafariki.

Sasa unganisha mstari. Alama zilitoka Paris kwenda Hartford, zikashuka hadi kusini mwa Marekani, zikavuka bahari na Foster, zikafika Kongo. Alama zinazotumika katika shule nyingi za Afrika inayosema Kifaransa leo ni wajukuu wa zile za Marekani, zikiwa zimebadilika kwa vyakula, majina na desturi za mahali. Kwa hiyo kijana kiziwi wa Kikongo aliyebahatika kusoma katika mojawapo ya shule za mkondo huo, akiingia darasani Buffalo au Columbus, anaweza kukuta nusu ya mazungumzo si mageni kwake. Mwenzake anayesikia aliyekaa naye ndege moja ndiye anayeanza sifuri na Kiingereza.

Nasema aliyebahatika. Watoto wengi waliolelewa makambini hawakupata shule yoyote ya viziwi. Wanafika na miaka tisa, kumi na mbili, wakiwa na alama za nyumbani pekee.

Kwetu Afrika Mashariki

Upande wa Tanzania, Kenya na Uganda njia ilikuwa nyingine. Shule nyingi zilifunguliwa na makanisa na vyama vya hisani katika kipindi ambacho mdomo ulikuwa bado ni mbinu ya kisasa huko Ulaya: Nyang'oma na Mumias nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, Tabora mwaka 1963 chini ya Kanisa Katoliki, Buguruni jijini Dar es Salaam mwaka 1974. Mtoto alifundishwa kutamka, na mikono ikichezacheza ilipata fimbo. Yaliyotokea Ohio bwenini yakatokea Tabora bwenini. Na kwa kuwa kila bweni lilijibunia alama zake, viziwi wa Tanzania waliokutana ukubwani waliweza kutambuana kwa alama: huyu wa Tabora, yule wa shule ya Mwanga. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoundwa miaka ya 1980, kilirithi kazi ya kuzikusanya.

Kenya ilianza kubadilika mwaka 1986, Shule ya Viziwi ya Machakos ilipochaguliwa kujaribu kufundisha kwa alama na sauti pamoja. Jaribio lilikuwa na dosari yake. Alama zilipangwa kwa mpangilio wa maneno ya Kiingereza, nyingi zikiwa zimetoka Marekani, wakati watoto walikuwa na lugha yao tayari. Mwalimu alitia alama kwa Kiingereza, darasa likatafsiriana kwa lugha ya alama ya Kenya mgongoni mwake. Katiba ya 2010 iliipa lugha hiyo nafasi miongoni mwa lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Uganda ilikuwa imetangulia kuitaja lugha ya alama katika katiba yake ya 1995, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, akaingia bungeni.

Marekani yenyewe ilikuwa imegeuka kabla. Mwaka 1960 William Stokoe, mwalimu wa Kiingereza pale Gallaudet, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba alama zina muundo kama lugha nyingine yoyote. Wenzake walimcheka, hata baadhi ya viziwi, waliokuwa wamefundishwa tangu utotoni kwamba wanachofanya si lugha. Mwishoni mwa muongo huo mwalimu kiziwi Roy Holcomb wa California alianza kutangaza mawasiliano kamili. Mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Vancouver mwaka 2010 uliyakataa maazimio ya Milano, miaka 130 baadaye.

Ukitaka ushahidi kwamba watoto wenyewe ndio mafundi wa lugha, nenda Managua, Nikaragua. Miaka ya 1970 na 1980 serikali ilikusanya watoto viziwi kwa mamia, kila mmoja na alama zake za nyumbani, ili wafundishwe kusoma midomo ya Kihispania. Darasani hawakuambulia mengi. Uwanjani na ndani ya basi la shule walitengeneza lugha mpya kabisa, na wadogo walioingia baadaye wakaiwekea sarufi ambayo wakubwa hawakuwa nayo. Hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Walichohitaji ni kuwa wengi, na kuwa wadogo.

Na vifaa je?

Vifaa vya kukuza sauti vinawasaidia sana wenye usikivu uliobaki. Kipandikizi cha koklea, yaani kifaa kinachowekwa kwa upasuaji na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia, kimeruhusiwa kwa watoto Marekani tangu 1990, na kwa mtoto aliyewekewa mapema na kupata mazoezi ya kila wiki kinaweza kufungua usemi. Kwa aliyefika na miaka kumi bila lugha yoyote, hakiwezi kurudisha miaka hiyo. Ubongo hushika lugha kwa urahisi katika miaka mitano hivi ya kwanza, na hauchagui kama imeingia kwa sikio au kwa jicho. Kinachoharibu ni kusubiri. Ndiyo maana naona ushauri wa bibi wa kungoja, hata ukiwa na upendo, ni wa hatari kuliko mbinu yoyote kati ya zile mbili. Mtoto anaweza kuwa na kifaa na alama kwa pamoja. Alama hazijawahi kuthibitishwa kuzuia sauti.

Mezani na shule

Zaidi ya watoto tisa kati ya kila kumi viziwi huzaliwa na wazazi wasikiao. Katika familia ya Kiswahili iliyoko Louisville au Lackawanna jambo hilo huzaa hali ya ajabu. Mtoto anakuwa hodari wa lugha ya alama ya Marekani na anasoma Kiingereza. Mama ana Kiswahili. Kwenye mkutano wa shule mwalimu anasema Kiingereza, mkalimani mmoja anakipeleka kwa alama, mwingine anakipeleka kwa Kiswahili, na mama na mwana wamekaa kiti kwa kiti bila lugha ya pamoja isipokuwa ile ya kuomba maji.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1975, iliyorekebishwa mara kadhaa, inampa kila mtoto mwenye ulemavu elimu ya bure na mpango wake mwenyewe wa maandishi, ambao wazazi wengi huko wanauita tu IEP. Wasemaji wa Kiswahili wengi huingia kwenye mkutano huo wakidhani wameitwa kuambiwa. Wameitwa kuamua. Haya wanaweza kuyadai:

• Mkalimani wa Kiswahili, kwa gharama ya shule. Kaka wa mtoto mwenye miaka 14 si mkalimani.
• Maelezo ya jinsi mtoto atakavyozungumza moja kwa moja na walimu na wenzake kwa lugha yake, maana sheria inawataka wanaopanga walizingatie hilo. Mtoto kiziwi mmoja kati ya wasikiao mia nne, na mkalimani wa masaa mawili, hana wa kuzungumza naye kwenye chakula cha mchana.
• Kuitazama shule ya viziwi kabla ya kukubali darasa la jirani. Buffalo ina St. Mary's, Ohio ina ya Columbus, Kentucky ina ya Danville, ambayo ina mabweni.

La nne naliweka nje ya orodha kwa sababu ndilo linalosahaulika hata na wataalamu. Miongoni mwa huduma ambazo sheria hiyo inazitaja ni mafunzo kwa wazazi, na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu inataja waziwazi huduma za lugha ya alama kwa familia. Mama anaweza kuomba afundishwe alama yeye mwenyewe, kwa saa zinazopishana na zamu yake ya kiwandani au ya usafi wa hoteli, na mwalimu akiwa kiziwi ni bora zaidi, kwa kuwa mwalimu huyo hataweza kukimbilia Kiingereza cha mdomo. Ombi hilo liandikwe ndani ya mpango kabla mkutano haujafungwa. Lililosemwa mezani halafu halikuandikwa, mwezi Septemba ukifika hakuna atakayelikumbuka.